Maneno magumu ya Kiingereza kwa anayesomea uongozaji watalii: nianzie wapi?

Mgumu_wa_Marangu

Habari za jioni wakuu. Nipo Moshi, nabeba mizigo mlimani na nasomea uongozaji. Kiingereza cha kusalimiana na kuelekeza njia ninacho. Kinachonishinda ni maneno mazito: "dormant", "endemic", "scree", "inevitable". Nilichapisha orodha ya maneno 500 kwa mpangilio wa alfabeti, nikakariri, na wiki mbili baadaye yamebaki kama 60. Kuna utaratibu gani wa kuyafanya yakae kichwani pamoja na maana zake? Bando ni la kuungaunga, na safari moja inakula siku sita mpaka saba.

Mwl_Njiro

Karibu, mdogo wangu. Tatizo haliko kichwani mwako, liko kwenye orodha. Alfabeti inaweka pamoja maneno yanayofanana sura: "adverse" na "averse", "economic" na "economical". Ukiyasoma siku moja yanagombana, kila moja linavaa maana ya mwenzake. Hata yanayokaribiana maana usiyasome pamoja. Jifunze "gorge" wiki hii ukiwa na picha ya korongo la Olduvai kichwani, "ravine" iache mpaka wiki ijayo.

La pili ni kubwa zaidi. Usikariri neno zima kama jiwe, livunje. Na Kiswahili kimeshakufundisha kuvunja maneno. Soma, someka. Sikia, sikika. Kazi ya -ika na -eka Kiingereza kinaipa mkia wa -able au -ible: "legible" ni inayosomeka, "audible" inayosikika, "edible" inayolika. Tia kikanushi mbele: "indelible" isiyofutika, "invincible" isiyoshindika, na hiyo "inevitable" yako ni isiyoepukika. Ukikutana na neno la namna hii, jaribu kwanza kulitafutia kitenzi cha Kiswahili chenye -ika. Mara nyingi maana inakuja yenyewe.

Utajiuliza mbona "impossible" ina m, "illegible" ina l, "irreversible" ina r. Ni in- ileile, imejigeuza kufuata herufi iliyo mbele yake. Sisi nasi tunasema nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya, na -refu inakuwa ndefu. Sheria ni ya ulimi, haina utaifa.

Mizizi ya Kigiriki na Kilatini ianzie kwa wanyama, maana hao unawajua. "Rhinoceros" ni pua na pembe, na ile "rhino" ya pua utaikuta kwa daktari, "rhinitis", uvimbe wa ndani ya pua. "Hippopotamus" ni farasi wa mto. Mto huohuo umo ndani ya "Mesopotamia", nchi iliyo kati ya mito. "Carnivore", "herbivore" na "omnivore" zinaishia na kitenzi cha Kilatini cha kula kwa pupa, ndiko ilikotoka "voracious", mlafi. Tembo na kifaru waliitwa "pachyderm", ngozi nene. Sasa kumbuka kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC: "Dermatology" imo kwenye jina lake. Mzizi mmoja, maneno matatu manne.

Tahadhari mbili. "Inflammable" si isiyoshika moto, bali inayoshika moto upesi, sawasawa na "flammable". Na "invaluable" si kisicho na thamani, ni chenye thamani isiyopimika. Mgeni akikuambia msaada wako ulikuwa "invaluable", amekusifu sana.

Dereva_UsaRiver

Mwalimu kagusa penyewe. Naongeza moja: gawa daftari katikati. Upande mmoja maneno ya kusikia, upande wa pili ya kusema. Si kila neno unalolielewa unatakiwa ulitumie.

Kwenye kusikia, tanguliza ya mwili, kwa sababu mlimani yana uzito kuliko majina ya maua. "Queasy" ni kichefuchefu. "Lightheaded" ni kichwa chepesi, karibu na kizunguzungu. "Drowsy" ni kusinzia, "numb" ni ganzi. "Groggy" ni kulewalewa kwa uchovu, akili haijakaa sawa. Mgeni anayeona aibu kusema anaumwa atatumia haya madogo, na wewe ukiitikia tu, unapitwa na dalili ya ugonjwa wa mwinuko.

Kwenye kusema, mtazame uliye naye. Mfaransa, Mhispania au Mwitaliano, neno la Kilatini kwake ni rahisi: "commence", "postpone", "descend", mengi anayo ya kufanana nayo nyumbani. Linalomchanganya ni lile tunalodhani jepesi, "put off", "set off", "look into". Kwa hiyo neno zito si la kuogopa, ila liwe na mtu wake.

Mgumu_wa_Marangu

Asanteni sana. Mwalimu, shikamoo. Hii ya -ika imenifungua macho. Sasa kuyahifadhi: niandike nini hasa, na nirudie lini?

Bi_Kadi_Sakina

Tumia kadi. Nunua manila moja, ikunje katikati mara tano, ukate kwenye mikunjo: vipande 32. Mbele usiandike neno peke yake, andika sentensi yenye pengo na maana ya Kiswahili pembeni. Mfano wa ua, mbele: "Impatiens kilimanjari is ______ to Kilimanjaro", pembeni: linalopatikana hapa tu. Nyuma: "endemic", na chini yake "endemic TO", kwa kuwa neno bila mwenzake litakuvunjia sentensi. Wenzi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Sisi tuna mvua kubwa, Kiingereza kina "heavy rain", hakina "big rain". Sisi kundi ni kundi, wao simba ni "pride", tembo ni "herd", nyani ni "troop". Tena "luggage", "equipment" na "advice" hazipokei s ya wingi, hata kama mizigo ni thelathini.

Marudio: chukua boksi la viatu, ligawe vyumba vitano. Cha kwanza kila siku, cha pili kila baada ya siku tatu, cha tatu kila wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano mara moja kwa mwezi. Ukipatia, kadi inasonga mbele chumba kimoja. Ukikosea, inarudi cha kwanza, hata ikitoka cha tano. Utaratibu huu aliueneza Sebastian Leitner mwaka 1972, na hauhitaji bando.

Maneno mapya yasizidi 8 kwa siku. Watu wanakwama hapa: wanaanza na 30, siku ya sita marudio yanakuwa mlima, wanaacha. Ukiwa safarini usiongeze jipya hata moja. Beba kadi 20 za chumba cha kwanza kwenye kikopo chenye mfuniko, msituni kuna unyevu. Tena jilazimishe kutamka jibu kwa sauti kabla ya kugeuza kadi. Kugeuza upesi na kusema "aa, nililijua" ni kujidanganya: macho yamelitambua, kinywa hakina.

Mwl_Njiro

Bi Kadi kaeleza vizuri, nami niongeze mkazo, uandikwe kwenye kadi hiyohiyo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaipeleka tabia hiyo kwenye Kiingereza. Ndiyo maana "ALtitude" inageuka "alTItude" na mgeni anakodoa macho. Pigia mstari silabi yenye mkazo. Yanayoishia na -ic na -tion yatakuwia rahisi, yanakaza silabi iliyotangulia mkia kama sisi: "volCAnic", "enDEmic", "acclimatiZAtion". Ya -ity nayo yanakaza kabla ya mkia, lakini mkia wenyewe una silabi mbili: "huMIdity".

Mgumu_wa_Marangu

Nimeelewa. La mwisho: "dormant" na "extinct" kwa mlima wetu, ipi ni ipi? Na Ngorongoro ni "crater" au "caldera"?

Mwl_Njiro

Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ni "dormant", imelala, inaweza kuamka. Mzizi ni wa Kilatini wa kulala, na ndio uliozaa "dormitory", bweni. Mawenzi na Shira, sehemu nyingine mbili za mlima huo, ni "extinct", zimezimika. "Active", iliyo hai, ni volkano ya Ol Doinyo Lengai. Ngorongoro kwa jina ni "crater", lakini kwa umbo ni "caldera": volkano ilitapika mpaka ikabaki tupu chini, kilele kikatitia. Neno ni la Kihispania, sufuria kubwa. "Crater" halisi unayo juu ya Kibo, Reusch Crater. Ila kadi za "crater" na "caldera" usizianze wiki moja.