Mpira mweusi ukibaki peke yake mkono unaanza kukimbia: mnatunzaje mwendo mmoja kwenye pool?

Kona_ya_Juu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Swali ni kwa mnaocheza pool za ligi za mtaani, meza ya futi 7, mipira myekundu na ya njano, mweupe mdogo (ule unaogongwa kwa fimbo), mweusi unaingizwa mwisho. Mazoezini naingiza mipira yote bila shida. Kwenye mechi, mipira minne mitano ya mwanzo inaingia vizuri, halafu mwendo unavurugika wenyewe: fimbo inapimwa (kuipeleka mbele na nyuma bila kugonga) mara moja badala ya mara tatu, kichwa kinainuka mapema, na mweusi unagonga mdomo wa shimo unabaki pale pale unamsubiri mpinzani. Akiwa mpinzani mwenyewe ni wale wa kuzunguka meza dakika nzima, ndiyo balaa kabisa.

Naomba kujua: pigo moja lichukue muda gani? Habari za kupumua zina maana au ni maneno tu? Na ile bia moja ya kutuliza mkono, mnaionaje? Tafadhali msije na "tulia tu, mkuu". Hiyo nimeshapewa ya kutosha.

---

Chaki_Kavu

Mkuu, mkono unapokimbia ujue kosa limeshafanyika sekunde kadhaa kabla. Ulilifanya ulipoinama juu ya fimbo huku kichwa bado kinachagua: shimo gani, mweupe uishie wapi, kasi gani. Ukiwa umeinama hutakiwi kuamua chochote. Mtu anayeamua akiwa chini huwa ana haraka ya kumaliza, kwa sababu mkao ule unachosha na shaka inachosha zaidi.

Gawa pigo sehemu mbili, kusimama na kuinama, na usiruhusu kazi ya moja iingie nyingine.

Ukiwa umesimama: nenda nyuma ya mstari wa mpira na shimo, uone sehemu ya kugusa. Amua mweupe usimame wapi, na uwe mahususi, "sentimita 20 kutoka kingo ya chini, upande wa kulia wa mwekundu ule", siyo "huko huko chini". Kisha amua kasi. Paka ncha ya fimbo chaki hapo hapo, ndiyo iwe ishara kwamba uamuzi umefungwa. Ukishaweka chaki pembeni hakuna mjadala tena.

Halafu ingia kwenye mstari kwa mguu wa nyuma kwanza, uinamie moja kwa moja juu ya mstari, siyo kuinama kisha kujisogeza pembeni. Mkono wa mbele ukae kama sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye mweupe. Pima fimbo mara tatu. Ukizoea nne, iwe nne siku zote, mpira uwe rahisi au mgumu. Kwenye kipimo cha mwisho simamisha ncha karibu kabisa na mweupe, hakikisha iko pale unapotaka kugonga. Rudisha nyuma taratibu, tulia kidogo, peleka mbele. Ncha ipite mahali mweupe ulipokuwa kwa sentimita 10 au zaidi, kisha ubaki chini mpaka mpira uingie au ukose.

Sehemu inayovunjika kwanza mtu akiwa na presha ni kurudisha nyuma. Fimbo inarudishwa kwa kasi na kwa ufupi, kwa hiyo mkono unalazimika kusukuma ghafla ili kupata nguvu. Hapo vidole vinabana kitako cha fimbo, kitako kinanyanyuka, ncha inashuka au inaenda pembeni. Mweupe unapata mzunguko wa upande ambao hukuukusudia. Kwa hiyo ukitaka kitu kimoja tu cha kufikiria kwenye mweusi, fikiria kurudisha fimbo polepole. Mengine yatafuata yenyewe.

Na ukiwa chini shaka ikaingia, simama. Siyo kunyanyua kichwa tu: simama wima kabisa, chukua chaki, anza upya. Watu wanaona aibu kufanya hivyo mbele ya kadamnasi. Aibu ya kusimama inaisha kwa sekunde tano, ya kukosa mweusi inakaa mpaka mechi ijayo.

---

Futi_Saba

Naongeza kwenye suala la muda, maana wengi wanachanganya "mwendo mmoja" na "mwendo wa polepole". Hivyo ni vitu viwili.

Tazama wa kimataifa. Ronnie O'Sullivan mwaka 1997 alipata 147, yaani alama zote za kawaida kwa zamu moja, kwenye mashindano ya dunia ya snuka pale Sheffield kwa dakika 5 na sekunde kadhaa. Hiyo ni mipira 36, kwa hiyo kila pigo halifiki hata sekunde 9, pamoja na kutembea. Peter Ebdon, mwaka 2005 kwenye mashindano hayo hayo, alichukua zaidi ya dakika 5 kupata pointi 12 tu. Na mpinzani wake siku hiyo alikuwa O'Sullivan! O'Sullivan alikuwa anaongoza fremu (raundi) 8-2, akaishia kufungwa 13-11. Wote wawili ni mabingwa wa dunia. Mwepesi na mzito wanaweza kushinda, tatizo linaanza pale mmoja anapoanza kucheza kwa saa ya mwenzake.

Ndiyo jibu la huyo mpinzani wako wa dakika nzima. Yeye akichelewa, wewe unapata hamu ya kufidia: unanyanyuka kwenye kiti kama umechomwa, unapiga kabla mwili haujarudi kwenye hali yake. Wengine wanafanya kinyume, wanapunguza mwendo ili walingane naye, na mikono inapoa. Cha kufanya: yeye akiwa mezani, kaa, miguu yote chini, fimbo wima katikati ya magoti. Tazama mipira, usimtazame yeye. Zamu ikifika, usiende moja kwa moja kwenye mweupe. Zunguka meza mara moja, hata kama umeshaona cha kupiga. Mzunguko huo mmoja unakurudishia hatua zako.

Kwa vipimo: kwenye Mosconi Cup, ile ya pool kati ya Ulaya na Marekani, mchezaji ana sekunde 30 kwa pigo. Kwenye yale mashindano ya snuka ya fremu moja ya dakika 10 ni sekunde 15, zikibaki dakika 5 zinakuwa 10. Kwa meza ya mtaani mimi naona sekunde 15 hadi 20 ni saizi nzuri: kumi hivi za kusimama, tatu za kuingia kwenye mstari, tano za kupima na kupiga. Zile za kusimama zinaweza kuongezeka mpira ukiwa mgumu. Zile tano za mwisho zisibadilike hata kidogo. Mwenzako akikurekodi kwa simu kwenye mechi, hesabu kuanzia kuinama hadi kupiga. Mpira wa kwanza ukiwa sekunde 5 na mweusi sekunde 2, umeshajua ugonjwa uko wapi.

Halafu hilo la mweusi kugonga mdomo wa shimo na kubaki. Mara nyingi hapo umelenga vizuri, umezidisha kasi. Mwili ukiwa na msisimko unapiga kwa nguvu kuliko unavyodhani, na mashimo ya meza hizi yana midomo ya mviringo: mpira wa taratibu ukigusa mdomo unaweza kudondoka, wa kasi unatemwa. Kasi nzuri ya mweusi ni ile ambayo kama shimo lisingekuwepo, mpira ungeendelea kama nusu mita. Usishuke sana chini ya hapo, kwa sababu kwenye meza iliyolala upande mmoja mpira wa taratibu mno unapinda mwishoni.

Kumbuka na huo mweupe mdogo. Una milimita 47.6, mingine ina 50.8, kwa hiyo ni mwepesi kwa karibu asilimia 18. Ukigonga mpira uso kwa uso, mweupe hausongi mbele kirahisi, unaelekea kurudi. Mtu mwenye presha anaona mweupe haufiki anapotaka, mpira unaofuata anaongeza nguvu, wa tatu anaongeza tena. Mwendo unaharibika kidogo kidogo hivyo hivyo. Badala ya kuongeza nguvu, panga mweupe usafiri umbali mfupi zaidi.

---

Taa_ya_Meza

Nijibu la pumzi na la bia, maana naona wakuu wamelikwepa.

Pumzi ina maana. Mapigo ya moyo huongezeka kidogo unapovuta hewa na kupungua unapoitoa. Kwa hiyo ukitoa kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, unausaidia moyo ushuke. Vuta kwa puani kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6. Mbili au tatu zinatosha, na zifanyike umesimama, wakati wa kupaka chaki. Kosa la wengi ni kufanya hayo wakiwa wameinama, kifua kinapanda na kushuka juu ya fimbo na ncha inacheza. Ukiwa chini acha hewa itoke yenyewe, piga katika ule utulivu mfupi baada ya kutoa. Usizibe pumzi kuanzia unapoinama. Ukiiziba muda mrefu misuli ya bega inakaza na mkono unatetemeka, halafu unalaumu fimbo.

Macho nayo yana mwendo wake. Wakati wa kupima yanaweza kwenda na kurudi, mweupe, mpira, mweupe, mpira. Fimbo inapoanza kurudi nyuma kwa mara ya mwisho, macho yatue kwenye sehemu moja ya mpira unaoulenga yakae hapo hadi baada ya kugonga. Watafiti wa michezo wanakuita kutua huko jicho tulivu, na waliopima wachezaji wa mchezo huu wamekuta mahodari wanalituliza kwa muda mrefu kuliko wanaojifunza. Mtu mwenye wasiwasi, jicho linakimbilia shimoni kuangalia matokeo kabla hata hajapiga. Kichwa kinalifuata, bega linafuata kichwa.

Bia: inapunguza hofu, ni kweli, ila inapunguza hofu pamoja na akili ya kupima kasi na umbali. Utajisikia mtulivu huku unachagua mipira ya hovyo. Na mechi za usiku ni ndefu, moja haibaki moja. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu ndiyo kabisa, acha saa kadhaa kabla ya mechi. Maji, ugali wako mapema, basi.

Kuna wanaonong'onezana kuhusu vidonge vya presha ya damu vya kutuliza mapigo, kama propranolol. Shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni limezipiga marufuku dawa za kundi hilo wakati wa mashindano kwenye michezo yote ya meza hizi, snuka na pool zikiwemo, kwa sababu hiyo hiyo kwamba zinatuliza mkono. Tena kwa mwenye pumu ni hatari. Usiguse kama daktari hajakuandikia.

Kingine ni jasho, hasa huku Pwani. Fimbo ikinata kwenye kidole cha mbele, utaisukuma kwa nguvu na mwendo umekufa, hata ungekuwa na moyo wa chuma. Nenda na kitambaa kikavu cha pamba. Futa fimbo kuanzia ncha hadi katikati kila baada ya fremu, osha mikono kwa sabuni na uikaushe. Poda ipake kidogo sana kwenye mkono wa mbele tu. Wanaojipaka kama mandazi ya sukari wanaharibu kitambaa cha meza, na poda ikichanganyika na jasho inakuwa gundi.

---

Kona_ya_Juu (mleta mada)

Nimewaelewa wakuu, asanteni sana. Hilo la kurudisha fimbo polepole na la kujirekodi naanza nalo. Swali la mwisho: presha unaifanyiaje mazoezi? Mazoezini hakuna watu, hakuna dau, mkono hauna sababu ya kukimbia.

---

Chaki_Kavu

Lazima uitengeneze hiyo sababu, mkuu. Weka mweusi kwenye alama yake, mweupe uushike mkononi uuweke popote nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo. Ingiza mweusi shimo la kona mara 5 mfululizo. Ukikosa wa tano unaanza sifuri. Ule wa nne na wa tano utaona mkono unavyobadilika, hata chumba kikiwa kitupu. Hapo ndipo pa kujichunguza: umepima mara tatu? Umeamua kasi ukiwa umesimama? Kama umeingiza lakini ulipima mara moja, usiuhesabu. Sheria hiyo ndiyo inayouma na ndiyo yenye faida.

La pili ni la kasi. Mweupe peke yake kutoka kwenye mstari huo wa kuanzia, upeleke kingo ya mbali urudi, usimame ndani ya shubiri moja kutoka kingo ya karibu yako. Mipigo 10, andika mingapi imefika. Fanya hivyo kabla ya mechi pia, kwenye meza yenyewe, kwa sababu kitambaa kikiwa na unyevu mpira unakuwa mzito na kasi uliyotoka nayo kwenu haifai pale. Hakikisha mweupe unarudi kwenye mstari ule ule uliotoka. Ukirudi umepinda, umegonga pembeni bila kujua.

La tatu fanya na mwenzako, mwekeane dau la soda. Cheza fremu ambayo kila mmoja akiinama mwingine ana ruhusa ya kuongea, kukohoa, kuburuza kiti, chochote isipokuwa kugusa meza. Anayepiga akiwa ameshavurugwa bila kusimama na kuanza upya, amepoteza zamu hata kama mpira umeingia.

---

Futi_Saba

Hiyo ya tatu mfanye kwenye meza ya nyumbani au kilabu, siyo baa Jumamosi usiku. Mtaleta ugomvi na watu wasiojua kwamba mko mazoezini.