Moduli za redio za nRF24L01+ zinakatika mteremkoni: nianzie wapi?

Mkaaji wa Nguba (Bukavu)
Mafundi wapendwa, salamu. Kwetu maji ya bomba huja kwa saa chache, mara nyingi usiku, na ndiyo sababu tumeweka tangi la plastiki juu ya mteremko, na pampu chini karibu na nyumba, umbali wa mita 150 hivi. Kwenye tangi nimefunga kipimo cha kina cha maji pamoja na Arduino Nano (bodi ndogo ya kuendeshea programu) na moduli ya redio ya nRF24L01+, ile yenye antena ya nje na kikuza mawimbi. Moduli ya pili iko ndani, kando ya swichi ya pampu. Sasa ujumbe hufika kwa vipindi, na mvua inyeshapo hukatika kabisa. Linalonishangaza zaidi ni kwamba nikiigusa moduli kwa kidole, mawasiliano hurudi. Je, ninunue antena kubwa zaidi?

Fundi wa Kadutu (Bukavu)
Ndugu, antena iache kwanza. Moduli inayopona kwa kuguswa, mara nyingi shida yake ni umeme usiotulia. Pini ya volti 3.3 ya Nano hutoka kwenye chipu ya USB, nayo haitarajiwi kutoa zaidi ya miliampea 50, ilhali moduli yenye kikuza mawimbi huweza kudai zaidi ya 100 kila irushapo ujumbe. Hapo volti huporomoka kwa muda mfupi mno, hata multimita haiwahi kuonyesha, na ujumbe hupotea.

Tafuta regulata (kipunguza volti) ya AMS1117-3.3, uilishe kutoka volti 5, kisha uchomelee kapasita ya mikrofaradi 10 hadi 100 kwenye miguu ya VCC na GND (chanya na hasi ya umeme) ya moduli yenyewe, si kwenye bodi iliyo mwisho wa waya mrefu. Ongeza na ile ndogo ya seramiki ya mikrofaradi 0.1. Angalia sana VCC isipate volti 5, kwani kikomo chake ni 3.6, pini za data pekee ndizo zinazostahimili 5. Fanya hivyo pande zote mbili, maana kipokezi kikilishwa vibaya, hata jibu la kuthibitisha halitarudi juu.

Mwalimu wa fizikia (Lubumbashi)
Ninaunga mkono, na ninaongeza jambo lisilogharimu hata faranga moja: kasi ya kurusha data. Programu nyingi huanza na 1 Mbps, ambapo kipokezi husikia hadi −85 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; namba ikishuka, mawimbi ni hafifu zaidi), lakini kwa 250 kbps husikia hadi −94. Tofauti hiyo ya desibeli 9, mahali palipo wazi, inakaribia kuzidisha umbali mara tatu, na kwa habari ya kina cha maji, ambayo ni tarakimu chache tu, hakuna haja ya haraka. Ukishusha kasi, muda wa kusubiri jibu usiwe chini ya maikrosekunde 500. Hakikisha pia chipu ni ile yenye alama ya kujumlisha, kwa kuwa nRF24L01 ya zamani haina kasi hiyo.

Kuhusu chaneli, jaribu 78, yaani 2478 MHz: iko juu ya chaneli ya 11 ya Wi-Fi za majirani, na bado iko ndani ya masafa yasiyohitaji leseni, yanayoishia 2483.5 MHz.

Mkaaji wa Nguba (Bukavu)
Asanteni sana. Regulata na kapasita zimefungwa, kasi imeshushwa, na kidole hakihitajiki tena. Mchana ujumbe unafika vizuri. Mvua ikinyesha bado unapungua. Kati ya tangi na nyumba kuna miparachichi miwili na paa la mabati la jirani.

Mama Saketi (Goma)
Basi sasa ndipo tuzungumze juu ya antena, na hasa mahali ilipo. Mvua yenyewe haiyasumbui sana mawimbi ya 2.4 GHz kwa umbali huo mfupi. Yanayoyameza ni majani yaliyolowa. Kuona tangi kwa macho hakutoshi, kwa sababu mawimbi hupita kwa upana: kwa mita 150, katikati ya njia yanahitaji uwazi wa mita 2 hivi kuuzunguka mstari wa macho. Inua antena juu ya mabati kwa mlingoti, na usiiweke nyuma ya tangi, kwani maji yaliyomo ni ukuta. Antena zote mbili zisimame wima; ufito wa antena hurusha kwa ubavu, kwa hiyo usiielekeze ncha yake nyumbani.

Usirefushe waya wa antena, maana waya mwembamba hupoteza karibu desibeli 2 kwa kila mita. Pandisha Nano na moduli pamoja juu ya mlingoti, ndani ya kisanduku cha plastiki, na ushushe waya za umeme na za kipimo.

Fundi wa Kadutu (Bukavu)
Naongeza la pampu, kwa kuwa hapo ndipo penye hasara. Kipokezi kihifadhi saa ya ujumbe wa mwisho, na ikipita dakika kadhaa bila habari, pampu izimwe na taa nyekundu iwake. Ukimya wa moduli usisomwe kamwe kama tangi tupu.