Pokémon Emerald: usiku wa tatu Route 119, Feebas bado sijamwona

Mshipi_Mrefu aliuliza:

Wakuu, naombeni msaada. Nacheza Pokémon Emerald, ile gemu ya Game Boy Advance ya kukamata na kufuga Pokémon, beji zote nane ninazo, na kikosi changu kimekamilika isipokuwa nafasi moja ambayo nimemtunzia Milotic tangu siku ya kwanza. Milotic anatokana na samaki Feebas akibadilika, na Feebas anavuliwa kwenye mto wa Route 119 tu. Hayo nayajua. Kumpata ndiko kunakonishinda.

Nimevua usiku tatu mfululizo. Nina daftari la miraba, nimechora mto wote kuanzia chini kabisa hadi juu ya maporomoko, na kila ninapotupa ndoano naweka alama. Mpaka jana usiku nilikuwa nimetupa mara 212. Kati ya hizo, 30 nimezimalizia mahali pamoja chini ya daraja, kwa sababu kuna mtu aliniambia Feebas anakaa hapo. Carvanha nimewaona mpaka nawaota. Wamening'ata mpaka dawa zikaisha.

Natumia Super Rod kwa kuwa ndiyo bora. Mara nyingi napata ule ujumbe wa kwamba hakuna kilichodona, naweka alama ya X kwenye mraba huo na kusogea. Wakati mwingine samaki anadona, nabonyeza A, anadona tena, nabonyeza, anadona tena, kidole kinachelewa kidogo, ananiponyoka. Hapo pia naweka X.

Maswali yangu: mraba mmoja nijaribu mara ngapi kabla ya kuuacha? Na kuna fimbo nyingine inayofaa zaidi kwa Feebas? Sitaki kumpata kwa kubadilishana na mtu. Nataka nimvue mwenyewe.

Swalot_Levo40 alijibu:

Mkuu, daftari ni wazo zuri sana, na kwa Emerald ndiyo njia sahihi. Ila X zako nyingi hazina maana. Subiri nikueleze, usikate tamaa.

Kwanza uelewe mto wenyewe. Route 119 ina miraba 447 ya maji inayohesabika kwa uvuvi. Gemu inachagua 6 kati ya hiyo. Ukivua kwenye mmoja wa hiyo 6, kila samaki *anayenasa* ana nafasi ya asilimia 50 ya kuwa Feebas. Kwenye miraba mingine yote nafasi ni sifuri, hata ukitupa mara elfu.

Sikiliza neno "anayenasa". Gemu inaamua mambo mawili kwa zamu. Kwanza inaamua kama kuna kitu kitadona. Ukishamvuta na pambano likaanza, ndipo inaangalia kama mraba huo ni wa Feebas. Kwa hiyo ujumbe wa "hakuna kilichodona" haukwambii chochote kuhusu mraba. Na aliyekuponyoka hakwambii chochote pia. X inastahili kuwekwa pale tu ulipopambana na samaki na akawa si Feebas. Rudi kwenye daftari, futa zote ambazo hazikuishia kwenye pambano.

Sasa fimbo. Hapa wengi tunakosea kwa sababu jina Super Rod linatuhadaa. Kwa Feebas, fimbo zote tatu ni sawasawa, asilimia 50 ni ileile. Tofauti iko kwenye vidole. Old Rod, ile uliyopewa kisiwani Dewford mwanzoni mwa gemu, inakudai kubonyeza mara moja tu na samaki ni wako. Good Rod inaweza kukudai mara kadhaa, na Super Rod zaidi ya hapo. Tena muda wa kubonyeza unapungua: Old Rod inakupa fremu 36, Good Rod 33, Super Rod 30. Fremu 60 ni sekunde moja, kwa hiyo Super Rod inakutaka uwahi ndani ya nusu sekunde, tena na tena. Kule kuponyokwa kwako kote kumetoka hapo. Weka Super Rod pembeni. Na kwa Old Rod hutaonana na Carvanha tena, utapata Magikarp na Tentacool wadogo ambao unaweza kuwakimbia bila kuumia.

Kisha anayekaa mbele kwenye kikosi. Kwa kawaida ukitupa ndoano, nafasi ya kudonwa ni nusu kwa nusu. Lakini kwenye Emerald, Pokémon wa kwanza akiwa na ability (kipaji cha kuzaliwa) ya Suction Cups au Sticky Hold, nafasi hiyo inapanda juu ya asilimia 85. Nenda Route 110 ukamkamate Gulpin, hakikisha ability yake ni Sticky Hold maana wengine wanakuja na Liquid Ooze. Kama ulichukua Root Fossil kule jangwani, Lileep wako ana Suction Cups na anafanya kazi ileile.

Mimi nilimlea Gulpin wangu mpaka akawa Swalot wa levo 40, na nina sababu. Ukiwa juu ya maji unasumbuliwa na Tentacool na Wingull kila hatua chache. Repel, dawa ya kufukuza Pokémon wa porini, inawazuia wale walio chini ya levo ya Pokémon wako wa mbele, lakini haigusi samaki wa ndoano. Kwa hiyo Swalot mwenye levo ya juu mbele, Max Repel, Old Rod: mto unakuwa kimya kabisa, na kila kinachotokea kimetoka kwenye ndoano yako. Nilipoujua mpangilio huo nilijuta usiku wote niliokuwa nimepoteza.

Swali lako la mara ngapi nililifanyia hesabu, maana lilinisumbua hata mimi. Ukiupa kila mraba samaki mmoja tu kisha ukasogea, kila mraba wa Feebas utakuponyoka mara moja kati ya mbili. Inaonekana ni hasara. Lakini miraba ipo 6, na ili ikuponyoke yote sita ni nafasi moja kati ya 64. Kwa wastani utampata baada ya samaki kama 127 hivi. Ukiupa kila mraba samaki wawili, unapitia miraba michache zaidi, kama 85, lakini samaki wanakuwa karibu 170. Kwa hiyo mmoja, sogea. Mmoja, sogea. Ile 30 chini ya daraja ilikuwa usiku mzima uliotupwa majini.

Na kuhusu daraja: aliyekwambia hakukudanganya, amechanganya gemu. Ushauri wa chini ya daraja ni wa Omega Ruby na Alpha Sapphire za 2014. Kwenye Emerald daraja halina upendeleo wowote.

La mwisho, usitembee kwenye ukingo. Surf uende katikati ya maji, geuka juu, kushoto, kulia, chini. Sehemu moja ya kusimama inakupa miraba minne. Kisha ruka mbele uende ambako hujagusa.

PalkiaTu aliandika:

Nachangia kwa wanaocheza gemu za Pokémon Diamond na Pearl wasije wakasoma hapa wakapotea. Huko Feebas yuko kwenye ziwa la chini ndani ya Mt. Coronet, miraba ni 4, na inahama kila siku. Daftari la jana halikusaidii leo. Lazima umalize kazi siku hiyohiyo. Mimi nilianza saa tano usiku, saa sita ilipopiga nikalazimika kuanza upya.

Mshipi_Mrefu:

Swalot, nimesoma mara mbili na nimefuta X 131. Imeniuma lakini nimefuta.

Ila umenitia wasiwasi mwingine. PalkiaTu anasema miraba inahama kwa siku. Ya Emerald inahama? Nauliza kwa sababu mdogo wangu alichukua gemu kati ya usiku wa kwanza na wa pili, akaenda Dewford akazungumza na yule mtoto anayeuliza maneno gani yanavuma siku hizi. Akaandika maneno yake mwenyewe, mtoto akayapenda, mji mzima sasa unayasema. Nakumbuka kusoma mahali kwamba kuna uhusiano.

Swalot_Levo40:

Uhusiano upo, na ndio huo wenyewe. Miraba 6 inatokana na maneno yanayovuma Dewford. Yakibadilika maneno, miraba yote inapangwa upya. Usiku wako wa kwanza ulikuwa unavua kwenye mto mwingine kabisa. Alama za usiku huo futa zote, za usiku wa pili na wa tatu bakiza zile zilizoishia kwenye pambano.

Halafu, kabla ya kuanza kila siku, pita Dewford uulize maneno ni yapi. Saa ya gemu ikiwa inafanya kazi, siku zikipita maneno mengine yanaweza kupanda yenyewe yakashika nafasi ya kwanza bila mtu kugusa. Kama betri ya kaseti yako imekufa na saa imesimama, hilo halikusumbui. Yaandike maneno juu ya ukurasa wa daftari, na mwambie mdogo wako asiende kisiwani mpaka umalize. Mwambie kwa upole, hakujua.

Dada_Pokeblock aliandika:

Ngoja niseme hili kabla hujampata, kwa sababu mimi nilichelewa kuambiwa na nililia kwelikweli.

Kumpata Feebas ni nusu ya safari. Kwenye Emerald habadiliki kwa levo peke yake. Beauty yake, yaani alama za uzuri, lazima ifike 170 kisha apande levo moja. Beauty inapanda kwa Pokéblock, vile vitafunio vya berry, zenye ladha ya Dry. Lakini kila Pokéblock anayokula inamjaza pia Sheen, kipimo cha kushiba, na Sheen ikifika 255 hali tena, milele. Feebas wangu wa kwanza nilimlisha kila nilichokuwa nacho mfukoni, nyekundu, njano, kijani. Akashiba Beauty ikiwa 96. Yule samaki hatakuwa Milotic kamwe kwenye gemu ile. Bado ninaye, nimempa jina, yuko kwenye boksi la kwanza.

Kwa hiyo ukiupata mraba, usiondoke na mmoja. Pigia mstari mraba huo na uendelee kuvua hapohapo. Nature, yaani tabia yake, ndiyo ya kuangalia: Modest, Quiet, Mild na Rash wanapenda Dry, na kila Pokéblock ya aina hiyo inawaongezea zaidi. Adamant, Impish, Careful na Jolly wanaichukia. Waache warudi majini.

Na hapa ndipo unapombadilisha kinara, yule Pokémon wa mbele. Sticky Hold ilikuwa kwa ajili ya kuutafuta mraba. Mraba ukishajulikana, mweke mbele Ralts au Abra mwenye Synchronize na nature ya Modest. Kwenye Emerald, nusu ya samaki watakuja na nature ileile ya kinara wako. Utadonwa mara chache zaidi kuliko ukiwa na Swalot, lakini Feebas wengi zaidi watakaokuja watakuwa na maana. Mipira usihangaike nayo, Poké Ball ya kawaida inatosha, Feebas hana ubishi.

Pokéblock usizisage peke yako. Mashine ya kusaga berry ya mji wa Lilycove ukiitumia na wenzako, kadiri mnavyokuwa wengi ndivyo Feel ya Pokéblock inavyoshuka, na Feel ndogo maana yake Sheen inajaa polepole. Msiweke berry za aina moja, mtatoa Pokéblock nyeusi.

Mshipi_Mrefu:

Wakuu, nimerudi. Nimetetemeka mpaka nikashindwa kuandika mara moja.

Gulpin wangu ana Sticky Hold, ni levo 19 tu, sikuwa na subira ya kumlea, kwa hiyo Tentacool walinisumbua njia nzima. Nilianzia chini ya mto kwa Old Rod. Samaki mmoja, sogea. Daftari likaanza kujaa X za kweli, na nikagundua kwamba hata kukosa kulikuwa na raha yake, kwa sababu sasa kila mraba niliouacha nilikuwa nimeumaliza.

Samaki wa 74 alikuwa Feebas. Levo 23. Mvua ilikuwa inanyesha, niko katikati ya mto, nimegeuka kushoto, mahali ambapo usiku wa pili nilikuwa nimepita na Super Rod nikaponyokwa na kuweka X. Ningekuwa sijaifuta nisingerudi pale.

Poké Ball ya kwanza ilimshika. Nikaangalia nature: Careful.

Dada_Pokeblock, nimemkumbuka yule wako wa boksi la kwanza. Sijamlisha kitu. Nimempa jina, boksi la kwanza linamsubiri na yeye, na sikusogea hata hatua moja. Nimeruka kwenda Route 102 kumtafuta Ralts? Hapana, niliogopa. Bahati nzuri nilikuwa na Kirlia kwenye kikosi tangu zamani, nikamfungua kuona: Synchronize, Mild. Nimempeleka mbele, Gulpin amerudi nyuma.

Nimesevu nikiwa bado juu ya maji, nimeangalia kushoto. Wa pili amekuja ni Magikarp. Wa tatu ndiye huyo anadona sasa hivi.