Majengo ya wizara yaliyobaki Dar: tuwape vijana wenye shida ya afya ya akili?

Mkazi wa Ilala: Wadau, tangu serikali ianze kuhamia Dodoma 2016, Dar kuna majengo ya wizara yaliyobaki bila kazi yake ya zamani. Naomba hata moja liwe kituo cha afya ya akili kwa vijana, ushauri nasaha bure. Mwendokasi unafika hadi Kivukoni, kijana wa Kimara hana haja ya kuunga magari.

Mzee wa Keko: Jengo si tatizo, wataalamu wako wapi? Na vijana wenyewe bando likiisha tu, msongo! Sisi tulipita JKT, tukanyooka.

Binti Tandika: Shikamoo mzee wangu, ila hapo kwenye bando umeniumiza. Mdogo wangu simu aliuza. Alikuwa anafua shati lile lile la usaili kila asubuhi, analianika, halafu haendi popote. Tulianza na maombi, tukaenda kwa mganga. Hospitali tumefika amebaki mifupa.

Mzee wa Keko: Marahaba binti. Pole sana. Sijamsema mdogo wako, nasema malezi.

Konda mstaafu: Malezi yapi, mzee? Nyinyi mlitoka JKT mkapangiwa kazi! Wa leo anatoka JKT anarudi sebuleni kwa mjomba.

Mzee wa Keko: Nilipangiwa Kigoma, mshahara unachelewa, nikavumilia! JKT ya lazima walipoisimamisha mwaka 94 ndipo mambo yalipoharibika.

Konda mstaafu: Ikarudishwa 2013. Mbona hayajatengemaa?

Nesi wa zamu: Jamani, jengo! Kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia walioathirika na heroini, Muhimbili ilianza 2011, kisha Mwananyamala, kisha Temeke. Mgonjwa kwa kawaida anakuja kila siku kunywa dozi mbele ya mhudumu, kwa hiyo nauli tu inaweza kumkatisha. Naunga mkono mahali panapofikika. Ninachoogopa ni geti la wizara: kitambulisho, jina kwenye daftari, "unakwenda kumwona nani?" Kanuni yetu ya Adhabu bado inasema kujaribu kujiua ni kosa. Kenya Mahakama Kuu ilishakitangua kifungu chao Januari 2025. Sasa huyu wa kwetu aliyenusurika juzi ataandika jina lake getini?

Mzee wa Keko: Walinzi mnawaonea. Nimelinda ofisi za serikali baada ya kustaafu. Lile daftari ni amri ya mkubwa, likikosa jina moja anakatwa mlinzi.

Nesi wa zamu: Sijamlaumu mlinzi, mzee. Nalilaumu daftari.

Mzee wa Keko: Basi sema daftari.

Binti Tandika: Mdogo wangu angekuta daftari angegeuza. Kama jengo litatolewa na geti lake, heri watupe vyumba viwili kwenye zahanati ya Tandika.