Mjadala: Kikao cha vifo, kwa nini anayekaangwa ni rezidenti peke yake?

Mleta mada
Wakuu, kwa wasio wa fani: rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa (MMed), husimama kwenye ripoti ya asubuhi akaeleza waliolazwa na waliofariki usiku. Mabingwa wanakaa mstari wa mbele. Kikiendeshwa vizuri, kikao hiki kinafundisha kuliko kitabu chochote.

Shida ni vifo. Mama kafariki kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Maswali yote ya mwanzo ni ya rezidenti: ulipima presha saa ngapi, mbona hukuandika, mwongozo umeusoma? Kwamba damu iliombwa saa nane usiku ikafika saa kumi na moja, na bingwa wa zamu hakupokea simu, hayo yanakuja watu wakishasimama kuondoka.

Hoja yangu: kwenye kikao cha vifo aanze mkubwa. Bingwa wa zamu aeleze kesi na aseme yeye alikosea wapi, ndipo rezidenti afuate. Ernest Codman, mpasuaji wa Boston, alichapisha matokeo ya wagonjwa 337 wa hospitali yake mwenyewe, 1911 hadi 1916, na humo akaorodhesha makosa 123. Wenzake hawakumpenda kwa hilo. Naomba kuwasilisha.

Bingwa Mstaafu
Kijana, unataka kudekezwa. Sisi tulikaangwa tukaiva. Ukisimama mbele za watu hujui kiwango cha potasiamu kwenye damu ya mgonjwa wako, aibu ya siku hiyo itakufanya uiangalie mpaka unastaafu. Ukipangiwa Sumbawanga hutakuwa na mtu wa kukusahihisha. Bora uogope sasa.

Rezidenti Mwaka wa 2
Shikamoo mzee. Ya potasiamu nakubali. Ila hofu inafundisha na mengine: kuandika faili upya kabla ya kikao, na kuchagua kesi. Ugonjwa adimu wenye picha nzuri unapewa slaidi ishirini, aliyekufa kwa sepsisi (maambukizi yaliyomzidi mwili) akisubiri kitanda ICU, wodi ya mahututi, anapewa sentensi moja. Na anayeulizwa hajalala tangu jana. Marekani wameweka kikomo cha saa 80 kwa wiki tangu 2003 na bado wanabishana. Hapa nilipo sijaona hata mtu anayezihesabu.

Sista wa Leba
Mnaongea kama vile wodini mlikuwa wenyewe. Aliyekimbilia damu maabara usiku ule ni nesi, na kwenye ripoti yenu haitwi, saa hiyo anakabidhi zamu. Vikao vya MPDSR, vya kupitia vifo vya wajawazito na watoto wachanga, vinatutaka sote tukae, na jina la mtu halitajwi. Kwenye karatasi. Niliwahi kuingia kimoja, kweli jina halikutajwa, ila ukumbi mzima uligeuka kumtazama mkunga mmoja.

Mtu wa Patholojia
Mnagombania wa kulaumiwa kabla hamjajua mgonjwa kafa na nini. Richard Cabot, daktari wa hospitali ya Massachusetts General kule Boston, aliwaacha madaktari wabishane juu ya ugonjwa, kisha mwanapatholojia, daktari anayechunguza maiti, akasema alichokikuta. Mwaka 1912 alichapisha uchambuzi wa maiti 3,000, na utambuzi mwingi wa madaktari ulionekana ulikosewa. Kwetu ndugu wanataka kuzika, wengine leo leo kwa imani yao, siwalaumu. Lakini madaktari wenyewe ruhusa ya kuchunguza maiti hamuombi! Matokeo yake mwenye cheo ndiye anafunga kesi: akisema lilikuwa donge la damu mapafuni, basi.

Mwananchi
Samahani wakubwa, mimi si daktari. Mkishamaliza kikao, ndugu wa marehemu wanaambiwa mlichogundua? Sisi tulipewa karatasi imeandikwa moyo ulisimama. Moyo wa nani hausimami akifa?

Mleta mada
@Mwananchi, nilikopita mimi, hawaambiwi. Sikuliweka kwenye mada na lilistahili kuwa la kwanza.
@Patholojia, ya kuomba ruhusa nimekubali. Ila hata sababu ikijulikana, ile damu ilichelewa saa tatu na lazima mtu mwenye mamlaka aulizwe. Rezidenti hana funguo za benki ya damu. Sista, kikihamishiwa mchana mtaweza kuja?
Mzee wangu Bingwa, ulipokuwa zamuni uliwahi kusimama mbele ukaeleza kifo cha mgonjwa wako?

Bingwa Mstaafu
Hapana. Utaratibu haukuwepo.

Sista wa Leba
Mchana tunakuja, mkituita.