Mdogo wangu anatoka gerezani Ohio, je feloni (kosa kubwa la jinai) inamzuia kupata bima ya afya?

Mtoto wa Tandika:
Wakuu habari za humu. Naomba msaada kwa wale mnaoishi huku Marekani. Mdogo wangu anamaliza kifungo hapa Ohio mwezi ujao, alifungwa kwa kesi ya madawa, feloni kabisa, na ana kisukari anachoma insulini kila siku. Sasa watu wa kanisani wananiambia ukishakuwa na feloni serikali haikupi tena kitu, chakula hupati, bima hupati, ukiumwa ni wewe na Mungu wako. Bima yangu ya kazini haimbebi ndugu, nimeshauliza wakasema mke na watoto basi. Uraia anao, aliapa zamani. Nifanyeje jamani, maana insulini ya kununua kwa hela yetu hata bei naogopa kuuliza.

Dada Neema Columbus:
Pole kaka. Hao wa kanisani wamechanganya mafaili. Kuna sheria ya 1996 iliyowanyima watu wa feloni za madawa msaada wa chakula na ile hela ya msaada kwa familia zenye watoto, ila sheria yenyewe iliruhusu majimbo kulegeza na mengi yamelegeza. Uvumi umeanzia hapo ukasambaa mpaka kwenye matibabu. Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, haimo humo kabisa, inaangalia kipato na karatasi za uhamiaji, mahakamani ulihukumiwa nini haiulizi.

Ohio walipanua Medicaid 2014 kwahiyo hata mtu mzima asiye na mtoto anaingia, mradi kipato kisizidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, kwa mtu mmoja mwaka 2025 ilikuwa kama dola 21,597. Mtu ndio kwanza anatoka ndani hana kazi, anapita vizuri tu. Ila usisubiri atoke!! Magereza ya Ohio wana utaratibu wa kuwaandikisha kabla ya kuachiwa, akupigie simu umwambie amuulize kesi meneja wake (afisa anayemshughulikia humo gerezani) wiki hii hii. Na kama alikuwa nayo kabla ya kufungwa uliza kama ilisimamishwa au ilifutwa, iliyosimamishwa ni kuiwasha tu.

Mkamba wa Minnesota:
Dada amesema kweli. Shida haiko kwa rekodi, iko kwa kuwa ndani. Kwa kawaida Medicaid hailipii mtu akiwa jela, labda awe amelazwa hospitali ya nje masaa 24 au zaidi. Akishatoka hiyo imeisha. Parole (kuachiwa mapema kwa masharti) na probesheni (kifungo cha nje) hazihesabiki kuwa ndani, watu wengi hawajui hii wanakaa tu bila bima mpaka parole iishe, sijui nani huwaambia.

Akipata kazi na kipato kikapita kile cha Medicaid, kuna HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kununua bima, ako na siku 60 kutoka siku ya kuachiliwa, zikipita kawaida anangoja msimu wa Novemba. Medicaid yenyewe haina msimu, unajaza hata Julai saa nane za usiku. Na kazi ikiwa na bima anaingia kama wafanyakazi wengine.

Sasa kitu nimeona kikisumbua vijana wetu huku, kwa fomu ya bima kuna swali kama mtu amefungwa, anajibu hapana, lakini kompyuta ya serikali bado inasema yuko ndani. Wanatuma barua wakitaka ushahidi, barua inaenda kwa anwani ya zamani ambapo hata hakuna mtu anamjua, siku zinapita bima inakatwa. Ile karatasi ya kuachiliwa apige picha mara moja awe nayo kwa simu, na kwa fomu aweke anwani yako wewe.

Mzee wa Ujiji:
Furahini nyie wa Ohio. Mimi niko Texas, hapa hawajapanua mpaka leo, mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hapati Medicaid hata awe fukara namna gani, vijana wakitoka ni kliniki za jamii tu. Ila kwa wazee wenzangu wa Medicare, bima ya serikali ya wazee, ukifungwa pensheni ya serikali inasimama, na makato ya Part B (sehemu inayolipia madaktari) yalikuwa yanatoka humo humo, kwahiyo usipoilipia mwenyewe inakufa. Tangu 2023 mzee akitoka ana miezi 12 ya kujiandikisha upya. Mwambieni na jirani.

Mtoto wa Tandika:
Mungu awabariki, nimeanza kupumua. Sasa zile siku za katikati, katoka lakini kadi haijafika, insulini anapata wapi?

Dada Neema Columbus:
Kadi inakuja kwa posta lakini ikishapitishwa ana namba, famasi wanaweza kutumia hiyo namba. Akiwa bado ndani aombe atoke na dawa za kuanzia pamoja na cheti cha daktari, wengi wanatoka na kichupa tu na cheti hawana. Halafu tafuta kliniki ya jamii ya karibu, wanalipisha kulingana na kipato, apoitimenti muwekee sasa hivi kwasababu foleni zao ni ndefu. Eli Lilly pia wana mpango wa dola 35 kwa mwezi hata kwa asiye na bima, kama anatumia insulini yao. Asibadilishe aina kienyeji bila daktari, tafadhali.

Kijana wa Louisville:
Na mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) tu je? Nauliza kwa ajili ya rafiki

Mkamba wa Minnesota:
Haya, rafiki 😄 Kwa Medicaid kawaida ni miaka mitano tangu apate green card, aliyekuja kama mkimbizi hangoji hiyo mitano. Lakini kama ni feloni ya madawa bima iwe ya pili, kwanza aone wakili wa uhamiaji, kabla hajajaza fomu yoyote na kabla hajasafiri popote, hiyo kesi inaweza kumrudisha nyumbani.