Miche ya paulonia kutoka mizizi

MkulimaNjoro: Wadau, nina miti miwili ya paulonia hapa Njoro. Nataka miche kutoka mizizi yake. Naikataje, na nitajuaje upande wa juu?

Mzee_Butere: Chukua mizizi minene kama kidole gumba, kata vipande vya sentimita 12 hivi. Upande uliokuwa karibu na shina ukate bapa, wa chini mshazari. Hapo hata mtoto hakosei. Vianike kivulini siku moja, majeraha yakauke, kisha visimamishe kwenye udongo wenye mchanga mwingi, kichwa (upande bapa) usawa wa ardhi. Maji kidogo! Inaoza upesi hiyo.

MamaMiche_Ksm: Chimba upande mmoja tu, mti mama usiumie.

MkulimaNjoro: Shukrani mzee. Na mti wa grevilea je?

Mzee_Butere: Hiyo panda mbegu, usijisumbue.